Mablanketi Yaliyochelewa Kuwa Ziada

Nyamisi, mjukuu wangu, uliniuliza swali msibani Kiriba, nami nikakujibu kama mtu anayefukuza nzi. Ulivuta kiti chako karibu na changu ukasema, "Babu, eti ulikuwaga stoo jeshini? Sisi huko chuo Iringa, ukiacha baridi inayotuua, tunafundishwa namna ya kupunguza mzigo wa ziada. Nyie mlikuwa mnafanyaje?" Nikakwambia, "Tulikuwa tunasubiri." Ukarudi kwenye simu yako, ukadhani mzee hataki usumbufu.

Kumbe katika msiba mzima wa babu yako Manyama, kaka yangu wa tumbo moja, ni wewe peke yako uliyeniuliza kitu. Wengine walinipa mkono wakapita. Nimerudi Musoma na swali lako, limekaa na mimi kama mgeni asiyejua kuaga, na kwa kuwa humu ndani hakuna mgeni mwingine tangu mke wangu atangulie, nimeamua kulijibu sawasawa. Wasomee na wenzako kama wataweza kumvumilia sajini mstaafu.

Kwanza futeni wazo kwamba ziada huletwa na uzembe. Sisi ililetwa na uhaba. Miaka ile ya foleni, ukihitaji viatu kumi uliomba ishirini, maana ulijua utakatwa nusu. Aliyekuwa juu yako alijua unaongeza, naye akaongeza chake ili yeye akikatwa abaki na kitu. Hivyo hivyo mpaka juu kabisa. Vilipokuja vile vita vya mpakani, kila kikosi kiliomba mablanketi kwa hesabu hiyo ya woga. Kwa mara ya kwanza katika historia ya stoo yetu, yakaletwa yote tuliyoomba. Ila yaliletwa vita vimekwisha, askari wamesharudi makwao na mablanketi yao mgongoni. Malori yalishusha robota kwa robota, mpaka ndege waliokuwa wakilala kwenye paa la bohari wakakosa pa kupita.

Waliosema akiba haiozi hawakufanya kazi stoo. Blanketi la sufu lina maadui wengi kuliko askari. Kuna nondo, kuna panya, kuna unyevu wa ziwa, na kuna mchwa anayepanda kutoka sakafuni kimyakimya kama jasusi.

Mwalimu wangu alikuwa Sajinitaji Wambura, mtu wa upande wa Bunda, mtoto wa wafugaji, mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Wiki yangu ya kwanza pale aliniacha peke yangu siku moja, nami nikiwa askari mzuri niliyefundishwa kwamba kila kitu cha jeshi lazima kimeremete, nilifuta vumbi stoo nzima. Nilipanda juu ya robota, nikafuta kila kona. Aliporudi alisimama mlangoni, akashika kichwa.

"Bwire, umefanya nini?"

"Nimesafisha, afande."

"Umeniua. Mimi vumbi ndo nasomaga! Sasa nitajuaje ipi haijaguswa mwaka huu?"

Akanieleza, na hili lishikeni hata kama mna kompyuta. Vumbi la stoo halidanganyi. Robota lenye vumbi jembamba juu limehamishwa karibuni. Lenye vumbi unaloweza kuandika jina lako kwa kidole, hilo ni ng'ombe asiyezaa, asiyekamuliwa wala kulima, anakula majani ya wenzake. Mtu wa stoo hufagia sakafu na njia za kupita, lakini juu ya mzigo haweki mkono mpaka ameshasoma. Tulikaa karibu mwaka tukisubiri vumbi langu lirudi.

Nilijifunza na kuficha pia, bila kufundishwa. Vikosi vyote vilikuwa vinaficha ziada, kwa sababu mkaguzi akiikuta anasema, "Kumbe mnavyo," na mgao unaofuata unakatwa. Wenzetu wa stoo ndogo ya Bunda walikuwa na masufuria makubwa ya kupikia kombania nzima, mengi kuliko kombania zenyewe. Waliposikia mkaguzi anakuja waliyaazimisha yote kwenye harusi moja kijijini, njia ya kwenda Kibara. Wakaona wamemaliza. Mkaguzi akaja, akakuta stoo safi, akawasifu. Mwenye harusi naye, kwa adabu za watu wa kule, aliposikia kuna mgeni mkubwa kambini akatuma mtu kumkaribisha. Mgeni hakatai chakula. Alikaa, akanawa, akaletewa wali na sato, na alipoinua macho akaona mama mmoja anainamisha sufuria kukwangua ukoko. Mhuri wa jeshi ulikuwa unamtazama kutoka kwenye tako la sufuria. Wanasema alimaliza kula kwanza, na akaomba kuongezewa.

Nacheka ninapoyakumbuka haya, lakini kicheko cha mtu aliye peke yake huisha haraka. Hamjui upweke wa mwenye funguo wakati wa njaa ya vitu. Siku zile madukani mlikuwa na viberiti na rafu. Sabuni, khanga, sukari, betri za tochi, vyote vilikuwa hadithi. Na mimi nalala juu ya bohari lililojaa. Basi kila salamu niliyopewa ilikuwa na mkia. "Shikamoo mzee Bwire, habari ya nyumbani, watoto hawajambo?" Halafu mkia: "Huko kwenu hakukosekanagi kasabuni?" Nilipokataa walidhani nawauzia wengine. Wenzangu waliouza kweli walikuwa na marafiki tele. Mimi niliacha kwenda kilabuni, nikaacha kukaa kibarazani Jumapili baada ya misa. Nilichukia sana kuombwa.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nazunguka tangu mwanzo.

Baba yetu alifariki katika miaka hiyo. Manyama alikuja kambini kwa baiskeli kutoka Kiriba, vumbi mpaka kwenye kope. Ilikuwa siku ya kuanika. Kila kiangazi tulifungua robota, tukatandaza mablanketi kwenye nyasi za mlima ule unaotazama ziwa, tukayapiga fimbo, tukayarudisha na majani ya mwarobaini katikati. Mlima mzima ulikuwa wa kijivu. Akina mama waliokuwa wanapita barabarani na matenga ya dagaa, wamejifunga vitambaa vilivyotoboka, walisimama wakatazama, kisha wakaendelea na safari yao.

Manyama naye alisimama akatazama. Kisha akaniambia, "Bwire, mzee ametuacha. Kule kwetu duka la ushirika haina hata kipande cha kitambaa. Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Nimekuja kuomba blanketi moja tu ya kumfunika."

Nilikimbia kwa Wambura. Simsingizii ubaya, machozi yalimlenga. Alisema, "Bwire, blanketi ni ya jeshi mpaka bodi ya kufuta mali ikae iseme jeshi halilihitaji. Nikikupa wewe, kesho namwambia nani hapana? Kila mtu hapa ana baba." Akaingia chumbani kwake, akanitolea sukari yake yote ya mgao wa mwezi ule ya kupelekea msibani. Nami nikaingia kwangu nikavua blanketi la kitanda changu, lile nililopewa nilipoandikishwa. Lilikuwa limekonda, na katikati lilikuwa na tundu lililochomwa na cheche za jiko.

Kaka yangu alilishika, akaliinua kwenye mwanga. Akaona mlima kupitia lile tundu.

"Hii ndo unampa baba?"

"Ni langu, kaka. Yale si yangu."

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," alisema. Hakupaza sauti.

Alilichukua, kwa sababu maiti hasubiri. Tulikwenda Kiriba kwa baiskeli ileile, tukipokezana pedali, mmoja akichoka mwenzake anaendesha. Wakati wa kumvika mzee, mama mkubwa mmoja alilikunja blanketi kwa ustadi ili tundu liende chini. Wote waliliona. Wote walijua nafanya kazi wapi.

Si kwamba tuligombana. Mtu akitusikia njiani alisikia tunasalimiana. Lakini Manyama hakula tena sahani moja na mimi, na toka siku ile hakuniomba kitu chochote, si mbegu ya mihogo, si ushauri. Mtu wa damu yako akiacha kukuomba, amekufuta. Mimi niliumia, na naumia sasa hivi ninapoandika.

Nikajiapiza kwamba yale mablanketi yatatoka kwa njia halali, yaende vijijini, watu wajifunike, na la kwanza lifike Kiriba. Nikaanza kuidai bodi. Mwaka wa kwanza bodi haikukaa kwa sababu hapakuwa na petroli ya kuwaleta. Mwaka uliofuata petroli ikapatikana, karatasi ya kopi ikakosekana, na ziada haitangazwi bila nakala nne. Mwaka mwingine walifika mpaka Butiama, gari likavunja springi, wakalala huko, wakarudi. Kila kiangazi nilianika, nikapiga fimbo, nikarudisha. Wambura alistaafu akaenda Bunda kufuga. Aliniachia funguo akasema, "Usifute vumbi," tukacheka, na sikumwona tena mpaka siku niliyokwenda kumzika.

Halafu milango ya biashara ikafunguliwa. Ninyi mmezaliwa mmeikuta wazi, hamwezi kujua ilivyokuwa. Sabuni zilirudi kwanza, kisha redio, kisha mitumba, milima ya mitumba kwenye soko la Bunda. Wazungu wakataka sangara, viwanda vya minofu vikafunguliwa pale Musoma, na vijana wangu wawili wa stoo wakaacha jeshi wakaenda kukata samaki. Kuanzia hapo nilipoita ndani ya bohari hapakuwa na wa kuitika.

Ndipo makao makuu wakamleta Kapteni mmoja, kijana mpole wa miwani, aje atupunguzie mzigo. Nilijiandaa kumdharau. Lakini yule kijana alijua kazi, na alinifundisha kitu ambacho Wambura hakukijua. Aliniuliza, "Sajini, haya mablanketi ni ya miezi mingapi?"

Nikaanza kumtajia idadi.

"Idadi nimeiona. Nataka kujua yatatumika kwa muda gani."

Tukakaa, tukaangalia kwa mwezi tunatoa mangapi. Tukakuta mtoto aliyezaliwa siku ile angesoma, angeandikishwa jeshi, angestaafu, na mablanketi bado yapo. Kapteni alivua miwani akaifuta, akaniangalia kwa huruma kama daktari.

Maswali yake yalikuwa matatu, na hayo ndiyo jibu lako, Nyamisi, ukiyataka ya kupeleka darasani. Kitu hiki kinatembea? Kama hakitembei, kuna mahali pengine kinahitajika? Na kama tukikitoa kisha siku moja tukakihitaji, tutakipata upesi? Hilo la tatu ndilo lililotushinda miaka yote. Wakati wa foleni hukuthubutu kutoa hata msumari, maana ukitoka haurudi. Duka la Bunda likijaa, bohari linaweza kupungua. Ukiona stoo imefura, usianze kumlaumu mtunza stoo, katazame kwanza maduka na barabara.

Tulifanya kazi ile vizuri. Yaliyokuwa yanahitajika kwenye kambi za baridi yalipelekwa. Hospitali zikapata, na shule za bweni. Kwa yaliyobaki, bodi ikakaa kweli, watu wazima wakiwa na kalamu, ikasema jeshi haliyahitaji. Neno lile nililoliomba miaka yote lilisomwa mchana mmoja wa kawaida, wakati wa chai, na aliyelisoma alikuwa anatafuna muhogo.

Mnada ulifanyika Musoma. Nilivaa nguo zangu zilizopigwa pasi. Nilitegemea watu wa vijijini wafurike, kama wale akina mama wa barabarani. Walikuja wachache. Mama mmoja alilifikicha blanketi kati ya vidole akalirudisha. "Hii inawasha, baba. Mi nataka ile laini ya maua." Walionunua ni madereva wa malori, wa kufunikia injini. Akanunua fundi cherehani mmoja la kutandika chini ya pasi, na wenye punda wakachukua ya kuweka chini ya mizigo. Yaliyobaki yalikwenda kwa mfanyabiashara wa vitunguu. Nilisimama pale nikiwa nimefanikiwa, na sikuwa na wa kumweleza.

Sheria yetu ilikuwa mtumishi wa stoo hanunui kwenye mnada wa stoo yake. Sikununua. Baadaye nilimfuata yule mtu wa vitunguu Bunda, nikachagua moja ambalo halijaguswa, bado na mikunjo ya kiwandani na harufu ya mwarobaini wangu. Nikapanda gari la Kiriba.

Manyama alikuwa uani anashona nyavu. Nyanjura, shemeji yangu, bibi yako, alinipa kiti akaenda jikoni. Nikamwekea kaka yangu blanketi mapajani. Aliweka sindano ya nyavu chini, akalikunjua lote, akalipitisha mikononi taratibu kutoka pembe hadi pembe kama mtu anayekagua pamba. Nilielewa anachotafuta.

"Halina tundu," akasema.

"Halina, kaka."

Akalikunja. Akalikunja vizuri, pembe juu ya pembe, kisha akanirudishia.

"Mpelekee mzee."

Hakusema kwa hasira. Nilikwenda mpaka kwenye kaburi la baba, nyuma ya mihogo, nikakaa nimelipakata. Kulitandaza pale ni kuwalipa mchwa, na mimi nimekaa stoo umri wangu wote, siwezi kumpa mchwa kitu kipya. Nililia pale, mtu mzima, sajini. Shemeji akaniita kula. Nilikula peke yangu sebuleni, kisha nikarudi Musoma na blanketi langu.

Na juzi tumemzika yeye. Uliona mwenyewe: jeneza la kioo, sanda mpya, mashada, maturubai, kila kitu kimepatikana kwa simu moja. Nilikuwa nimelibeba lile blanketi kwenye begi. Nilimwambia Nyanjura kwamba ninalo. Akanishika mkono kwa wema akasema, "Shemeji, asante. Siku hizi vitu vipo, we kaa tu upumzike." Nikakaa. Hakuna aliyenituma hata uzi. Mimi niliyechukia kuombwa nilikaa siku zote za msiba nikitamani mtu mmoja anitume popote.

Halafu ukaja wewe na kiti chako.

Basi, mjukuu wangu, nimelipitisha blanketi hili kwenye maswali ya Kapteni. Halitembei, vumbi lake nimelisoma. Nikilitoa sitalihitaji tena, maana Musoma kuna joto na mimi ni mmoja. Limebaki swali la katikati, kama kuna mahali pengine linahitajika, na wewe umesema Iringa kuna baridi. Linawasha kidogo siku za mwanzo, ukishalifua mara mbili linatulia. Ukipita Musoma kabla ya chuo kufunguliwa, ingia ulichukue. Bodi imeshakaa, na huna haja ya kusaini popote.